Sauti Sita Katika Simu ya Mwanaidi

Nilifunga safari kwa hasira, sifichi. Mtandaoni nafundisha kundi la kina mama kumi na wanne wanaojiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mmoja wao, Mwanaidi wa Kiongoroni, alikuwa akituma majibu ya hesabu kwa sauti za watu tofauti. Nikaamua anafanyiwa na wengine. Nikamwandikia kwamba namtoa kundini, asipojieleza. Hakujibu, na roho ikaanza kunisuta; nikaona niende nikajionee mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilitoka Kibiti kwa bodaboda hadi Nyamisati, vumbi mpaka kwenye kope. Boti ikasubiri maji yajae. Nilikunywa chai vikombe viwili huku nikipanga maneno makali.

Saa tano tukaingia kwenye mikoko. Mtandao ulipotea, ukarudi, ukapotea tena, na baadhi ya maneno yangu makali yakapotea nao.

Adhuhuri, Kiongoroni. Mwanaidi alinipokea mkoba bila kunitazama usoni. Barazani kwake wanawake watano walikuwa wakisuka ukili wa mikeka, simu moja imelazwa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndo huyu anayetutoa?" aliuliza shangazi yake, Bi Zaina.

"Namtoa Mwanaidi tu."

"Mwanaidi ndo sisi sote, mwalimu. Simu yenyewe moja."

Wakanionesha wanavyosoma. Sauti yangu ilitoka simuni ikieleza asilimia, mbio mbio hadi nikaona haya. Mmoja alianza hesabu, akaishia alipoishia, akampokeza jirani yake, kama wanavyopokezana ukili. Aliyekwama hakurukwa, wote walirudi naye nyuma.

Hata hivyo, mtihani anafanya mtu mmoja. Nikampa Mwanaidi swali jipya, peke yake, kijiti na mchanga. Bi Zaina aliacha kusuka. Mwanaidi aliandika, akafuta, akaandika tena. Akapata!

Nilimwomba radhi mbele ya wote.

"Siku mbili nimelia, mwalimu," alisema. "Haya, nawa mikono, wali unapoa."

Jumapili jioni, Kibiti. Niliweka sharti jipya kundini: usitume jibu kabla hujamweleza mwenzako. Kisha, kwa mbwembwe, nikatuma ufumbuzi wangu wa ujazo wa pipa. Hatua ya pili nilikuwa nimekosea.

Kutoka Kiongoroni zilikuja sauti sita zikicheka, na ya Mwanaidi juu ya zote:

"Mwalimu, na wewe ulimweleza nani kwanza?"