Feza, Mpuliza Saksafoni wa Ruashi

Donat alipokuwa mzima, ndiye aliyepuliza saksafoni katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya wafanyakazi wa mgodi. Kisha kifua kikamwangusha, akawa hawezi kupuliza hata kidogo bila kukohoa. Saksafoni ikawekwa juu ya kabati, na ni mkewe Feza, binti wa Sumaili mshonaji, aliyeishusha.

Donat alimfundisha akiwa kitandani. Nyimbo za fanfari Feza alizishika upesi, lakini hazikumtosha. Akiwa peke yake alitoa sauti za kukatika, za kupanda na kuporomoka, mara kama kilio cha matanga, mara kama vifijo vya harusi, bila mdundo wa kuchezea. Majirani mtaani Ruashi walinung'unika. Baba yake alikuja kuuliza kama wanawake wa kwao Maniema wameishiwa kazi. Feza akavunjika moyo, akarudia nyimbo za mumewe. Donat ndiye aliyemkataza.

"Usinifwate miye," alimwambia. "Fwata pumuzi yako."

Mwaka 1974 fanfari ilialikwa kwenye sherehe ya chama tawala, Jumapili mchana. Kalaba, kiongozi wao, hakuwa na mpuliza saksafoni mwingine, akamchukua Feza shingo upande, akimwonya apige yaliyoandikwa tu. Feza akayapiga, tena vizuri. Lakini katikati ya marshi ya mwisho, wimbo wa gwaride, akaiacha njia. Kalaba akamkazia macho, kisha akashusha mikono. Wapigaji wakanyamaza mmoja mmoja, isipokuwa Bwalya wa ngoma kubwa, ambaye alimwandama kila alikokwenda.

Feza hakuacha. Alipandisha sauti mpaka ikapasuka, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akaijibu kwa kigelegele. Akajibu wa pili, wa tatu, hata uwanja mzima ukawa umesimama.

Baadaye Kalaba alimjia, jasho likimchuruzika.

"Ile haiko lwimbo, mama."

"Iko yangu," Feza akasema.

Haukupita muda, mwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kamalondo akamwita yeye na Bwalya. Wakapiga kila Jumapili, na watu wakaja kutoka mtaa wa Annexe, wengine hata Kasomeno, mbali nje ya mji, wakakaa kusikiliza bila kucheza. Sumaili alimshonea bintiye mfuko wa saksafoni kwa kitambaa cha suti, akawa anawaonyesha wateja wake jinsi alivyoukata. Donat aliletwa kwa baiskeli, akaketishwa karibu na ngoma, na hakuna aliyepiga makofi kumzidi.