Vichwa Kumi vya Msusi wa Kisenyi

Mimi ni mtu wa kujiamini, na siombi radhi kwa hilo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni tulipojitolea kusaidia sherehe ya utamaduni na biashara za watu weusi, kwenye uwanja mmoja pale Mengo, Kampala, nilipewa mabanda ya urembo. Nikamwendea msusi mmoja Mkongomani mwenye saluni ndogo Kisenyi. Alisita, maana kufunga saluni Jumamosi ni kuwapa majirani wateja wake. Nikapiga kifua: nitamletea vichwa kumi avisuke mbele ya watu, wote wanafunzi wenzangu, na jioni mji mzima utamjua. Akakubali.

Asubuhi ile wasichana walifika na fulana zao za njano, nywele zimewamwagikia mabegani. Msusi akamkalisha wa kwanza, akapitisha vidole, na nywele zote zikabaki mkononi mwake. Wigi. Wa pili, wigi. Shule zetu nyingi za sekondari humtaka msichana anyoe kichwa mpaka amalize masomo, na sisi tulikuwa tumemaliza juzi tu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayejificha, mimi nikiwemo.

Banda la jirani, la vitenge, lilikuwa limejaa. Letu lilikuwa na kiti kitupu na mwanamke aliyefunga saluni kwa sababu ya mdomo wangu. Hakunigombeza, alianza tu kukusanya nyuzi zake. Nikapandwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. Nikavua wigi langu mbele ya uwanja mzima, nikakaa.

Akaniambia nywele ni fupi mno. Nikamjibu kwamba ndizo nilizo nazo, ashike anachoweza kushika.

Akacheka, akachukua uzi mweusi. Alibana kishungi kidogo, akakizungushia uzi kwa nguvu mpaka kikasimama chenyewe, kisha kingine. Machozi yalinitoka kwa maumivu, lakini sikuinuka. Watu wakaanza kusimama kutazama. Wenzangu wakavua mawigi, wakapanga foleni, na nyuma yao wakajipanga wasichana tusiowajua, maana Kampala imejaa wasichana waliotoka shuleni juzi na hawajui waanzie wapi na nywele zao. Kufika mchana msusi alikuwa akiwaelekeza wengine wamfuate Kisenyi wiki ijayo. Nilijiona mkubwa, nasema kweli.

Mama yangu, askari wa magereza kule Luzira, alipitia pale akitoka zamu, bado amevaa sare. Kila likizo ilipokwisha alikuwa akinikalisha nje ya nyumba yetu ya kambini na kuninyoa kwa mkasi, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hakuwahi kuniona nimesukwa. Alisimama mbele yangu akanitazama kichwa.

“Mama, mtoto yako iko na nywele muzuri sana,” msusi akamwambia.

Mama akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, taratibu.

“Mimi najua,” akasema. “Ni mimi nilikuwa nakata.”