Doa Chini ya Mguu wa Kushoto

Nilikuwa na doa jeusi chini ya mguu wa kushoto, karibu na kisigino, na kwa miaka miwili nilimwambia kila aliyeuliza kwamba sina. Aliyeuliza zaidi ni msichana wa saluni hapa Kibomet ambaye hunisugua miguu.

"Mathe, na hii ni nini?"

"Rangi ya kiatu."

Mwezi uliofuata nilimwambia ni rangi ya kiatu kingine. Mwishowe niliacha kwenda, nikanunua jiwe langu na kujisugua mwenyewe nikiangalia dirishani. Mimi huyu nimewahi kuandika makala mbili nikiwakemea wanawake wanaoficha magonjwa. Ya pili ilisifiwa sana.

Nilichoogopa ni funza. Kwetu Tongaren, kitu cheusi kwenye unyayo ni funza, na funza ni mdudu wa nyumba isiyofagiwa. Nina digrii mbili. Sikuwa tayari kuwa na funza. Saratani haikunijia akilini hata siku moja. Ya ngozi? Hiyo niliijua ni ya wazungu wanaojianika ufuoni.

Krismasi ilinipata nyumbani kwa mama, nimevua viatu, nimenyoosha miguu kwenye kochi. Dada yangu mkubwa aliukamata mguu wangu jinsi anavyokamata kuku wa kuchinja.

"Wee! Kujeni muone! Ati msomi ako na funza!"

"Si funza."

"Nyamaza. Mama, leta pini."

Mama alileta pini, akaichoma kidogo kwenye moto, na hapo hapo akapata nafasi ya kurudia wimbo wake wa miaka hamsini: "Nilikwambia uvae viatu ukienda shambani." Dada alichimba karibu nusu saa. Hakupata mdudu wala mayai yake, alipata damu. "Hii imejificha sana, bana," alisema, kana kwamba funza huyo naye amesoma. Akamalizia kwa mafuta ya taa.

Kidonda hakikupona. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, na mimi bado nabadilisha pamba ndani ya soksi.

Daktari wa Kitale niliyemwendea hatimaye alikuwa na umri wa kifungua mimba wangu. Aliuangalia unyayo, akaguna. "Mmeanza na pini?" Nikakubali. "Huku kila mtu huanza na pini." Alikata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka kupimwa, na jibu liliporudi lilikuwa na jina: melanoma, saratani ya zile seli zinazotengeneza weusi wa ngozi. Kwa watu kama sisi, alisema, hupenda kuanzia kwenye unyayo, kiganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari napo.

"Sasa kama si jua, ni nini?"

"Jeni. Kila seli ina maagizo yake ya lini igawanyike na lini iache. Agizo moja likiharibika, seli haiachi tena. Ni kama posho mill ya kusaga unga ambayo swichi yake imekwama. Mahindi yameisha lakini mashine inazunguka tu."

Waliukata uvimbe wote pale kisiginoni, wakaziba pengo kwa ngozi ya paja. Kwenye tezi za kinena, ambako saratani ya mguu hukimbilia kwanza, hawakukuta kitu. Uvimbe wenyewe ulitumwa Nairobi kuchunguzwa jeni zake, kwa sababu ziko hitilafu zenye dawa zake maalum, na ni vizuri kujua una ipi kabla hujaihitaji dawa yake. Kwangu walipata moja.

Ningekomea hapo na kula chakula changu kwa amani. Lakini Jumapili moja, mezani kwa mama, niliamua kuielimisha familia. Nilisema "mabadiliko ya jeni". Nilisema nikiwa na mkongojo mkononi, kama mhadhiri.

Senge, yaani dada ya marehemu baba yetu, aliweka kijiko chini. "Jeni si ndiyo ile DNA ya kutafuta baba ya mtoto?"

"Ni hiyo, senge, lakini—"

"Basi hii ni ya ukoo. Na kwetu sisi hakuna mtu alikufa na mguu."

Watu wote waliacha kutafuna. Mama aliolewa Tongaren kutoka kule juu, upande wa Mlima Elgon, na kila aliyekuwa mezani alijua kwamba mama yake mzazi alifariki akiwa na kidonda cha mguu kisichopona. Mama aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ambayo ilikuwa imejaa.

Tangu siku hiyo, kila nilipofika nilikuta wajukuu wamepangwa kwenye benchi, miguu imeoshwa, na mama amepiga magoti na tochi akikagua unyayo mmoja mmoja. Aliacha kwenda kwa kikundi cha akina mama kanisani. Senge hakuwa amekosea kuhusu kidonda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama, haya mabadiliko mengi hutokea tu ndani ya doa lenyewe. Mtu hazaliwi nayo."

"Mengi."

"Ndiyo, mengi."

"Hukusema yote." Akahamia mguu mwingine. "Ni mimi nilikupa."

Nilieleza mara kumi. Nilichora. Nilitumia posho mill. Mwanamke ambaye hakupita darasa la nne aliling'ang'ania neno moja kwenye sentensi yangu, na alikuwa na haki. Nilirudi kwa daktari nikamwomba apime damu yangu pia, tujue kama hitilafu hiyo imo mwili mzima au imo kwenye uvimbe tu.

Simu ililia Jumamosi mchana, tukiwa tumekaa kwenye gunia tunapukuchua mahindi, mama na mimi. Niliweka sauti kubwa.

"Majibu yako yamefika," daktari alisema. "Hitilafu iko kwenye uvimbe peke yake. Kwenye damu hatujaiona, wala zile zingine tunazojua hurithiwa."

"Tafadhali mwambie mama yangu. Yuko hapa."

"Mama, habari yako? Huu ugonjwa hukumpa mtoto wako. Ulianzia kwake, hapo mguuni."

Mama aliisogelea simu kama anayechungulia kisima. "Na mama yangu?"

"Huyo siwezi kujua, mama. Lakini kwa huyu, si wewe."

Alibaki na hindi mkononi, hapukuchui. Nilijitayarisha kumkumbatia. Kisha akavuta pumzi, akajipangusa pua kwa pindo la leso, akaiinamia simu tena.

"Daktari, kama si mimi, basi mwambie avae viatu."

"Mama," nikadakia, "viatu havihusiki kabisa na—"

"Mwambie!"

Nilimsubiri kijana wa watu aitetee sayansi.

"Madam," akasema, "vaa viatu."