Kichwa cha Babu Mwaro

Kabla hajaolewa Ganze, shangazi Dorcas alitusuka sote barazani kwetu, Gede. Alikubana kichwa kati ya magoti, vidole vikinukia mafuta ya nazi, wala huinuki mpaka amalize. Siku hizi nasukwa na dada mmoja anayetazama simu. Si sawa.

Kunyoa pia alijua. Alimnyoa baba yake, yaani babu yangu Mwaro, hadi alipofariki. Babu alikuwa na kichwa kikubwa, kofia za dukani hazikumwenea. Ndugu yangu alipozaliwa akapewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, na kichwa kilipoanza kukua kupita cha wenzake, nyumba nzima ikafurahi: mzee amerudi. Bibi akimpakata humwita mume wangu. Mama akisema mtoto hanyonyi vizuri, anachoka upesi, huambiwa hata mzee alikuwa mvivu wa kula.

Siku ya kumnyoa nywele za uchanga, mimi ndiye niliyeshika beseni. Nilikuwa darasa la tatu. Mishipa ya kichwani ilikuwa imetuna. Shangazi akasimamisha wembe, akalaza sikio utosini, akakaa hivyo hata nikadhani anasali. Kisha akaniambia nami nisikilize. Vuu, vuu, vuu, kama maji yanayosukumwa ndani ya mpira.

Akataka mtoto apelekwe hospitali Kilifi. Bibi akakataa katakata. Hakuna atakayempasua mumewe.

"Mama," Dorcas akasema taratibu, "nilimnyoa baba miaka kumi. Kichwa chake kilikuwa kimya."

Bibi alichukua leso yake, akamfunika mtoto, akatangulia mlangoni.

Daktari nilimchosha kwa maswali. Alisema ni ugonjwa nadra: ndani ya ubongo, mishipa yenye damu ya kasi ilimwaga moja kwa moja kwenye mshipa mmoja, nao ukavimba kama puto. Nairobi walipitisha mrija mwembamba kuanzia pajani hadi huko juu, wakaiziba njia hiyo. Walirudia mara mbili.

Sasa Mwaro ana miaka sita. Alichelewa kusema, lakini kwa mbio hashikiki. Shule zikifungwa, Bibi humpeleka Ganze akanyolewe, ingawa vinyozi wamejaa hapa Gede. Kabla wembe haujagusa nywele, Bibi huweka sikio lake kwanza.

"Kimya?" Dorcas huuliza.

"Kimya," husema Bibi. "Kama marehemu nilipomuudhi."