Sauti ya Dada Kabla ya Mwanza

Dada yangu mkubwa alikuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani kwao Ipililo. Uvimbe ulipomshika kooni, madaktari wa Mwanza hawakumficha: zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, itatolewa, atapumulia tundu shingoni, na hataongea tena. Wakampa tarehe ya kurudi kupasuliwa. Kabla ya tarehe hiyo alipanda basi akaja kwangu Bariadi, ambako nina chumba cha kurekodia muziki nyuma ya maduka, jirani na mashine ya kusaga.

"Mwangaluka, mdogo wangu," alinisalimu kwa Kisukuma mlangoni. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Nataka wanangu wabaki na nyimbo zangu, zile nilizowabembelezea. Utanirekodi?"

Nilimkalisha mbele ya maiki, nikazima feni ili isiingie kwenye sauti. Bati lilikuwa limeshika joto, na chumba kile hakina dirisha. Akavaa hedifoni, akafunga macho, akaimba ubeti mmoja wa Kisukuma. Nikaurudisha ili tuusikilize.

Ikatoka sauti ya mwanaume mgonjwa. Nzito, ya kuburuza, kila neno limevutwa.

Dada alifungua macho. "Ndiyo hiyo nitakayobaki nayo?"

"Hapana, dada. Ni kompyuta."

Kweli ilikuwa kompyuta. Ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikaondoa draiva, ile programu inayoiwezesha kuelewana na saundi kadi, kikasha kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki. Badala yake ikaweka draiva yake ya jumla, na kikasha kikawa kinapokea sauti kwa kasi moja huku programu ya kurekodia ikiicheza kwa kasi ndogo zaidi. Nikaweka upya draiva ya kikasha chenyewe, nikalinganisha kasi hizo mbili, nikamwomba ajaribu tena.

Safari hii sauti ilikuwa yake, lakini ilijaa mikwaruzo, kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Nikajua bafa ni ndogo mno. Bafa ni pale sauti inaposubiri kidogo ili kompyuta ipate nafasi ya kuishughulikia, na kompyuta yangu ni ya zamani, haiwezi haraka. Nikaiongeza. Mikwaruzo ikakoma, lakini sasa sauti ikawa inamfikia dada masikioni ikiwa imechelewa. Akaimba neno, neno likamrudia wakati yupo kwenye linalofuata. Akajikwaa, akaanza upya, akajikwaa tena.

"Kuna mtu ananifuata nyuma," alisema, akikohoa.

Nikapunguza bafa, mikwaruzo ikarudi. Nikaipandisha, ucheleweshaji ukarudi. Wasanii wengine hujaribu mpaka wachoke, kisha hurudi kesho. Yeye kila ubeti wa kujaribia ulikuwa unatoka kwenye sauti ile ile iliyokuwa inakwisha, nami nilikuwa nauona ukiishia kwenye mafaili ambayo ningeyafuta. Nikamwambia apumzike, nikaanza kujaribu kwa sauti yangu mwenyewe: moja, mbili, moja, mbili. Alikaa akinitazama, kitambaa kikiwa mdomoni. Nilipokitazama kile kitambaa nikaona damu, nikarudisha macho kwenye skrini.

"Kwani lazima nijisikie?" aliuliza.

"Bila hedifoni hutasikia kinanda nilichokuandalia."

"Nilipokuwa nawalaza kulikuwa na kinanda?"

Akavua hedifoni, akaziweka mapajani. Nikaacha bafa kubwa, nikaondoa kinanda. Tukangoja mashine ya kusaga inyamaze. Iliponyamaza aliimba wimbo wa kwanza hadi mwisho, taratibu, akimtaja kila mtoto kwa jina, na hakuna kilichokwaruza isipokuwa koo lake. Wa pili ulimkatikia katikati. Alifungua mdomo kuuendeleza, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Kisha akatikisa kichwa, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Basi," alinong'ona, akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Upasuaji ulifanyika, akapona kidonda, akarudi Ipililo na tundu lake shingoni, analifunika kwa kitambaa chepesi. Nilipokwenda kumwona msimu wa palizi, kitindamimba wake alichukua simu akanichezea wimbo ule niliowapelekea, akitabasamu, akidhani amenifurahisha mimi na mama yake. Dada alikuwa anachambua mchele. Mikono ilisimama kwenye ungo. Akauweka chini, akachukua jembe, akatoka.

Nilimfuata shambani. Alilima kwa nguvu, pumzi zikipiga filimbi pale shingoni. Nikamwambia naweza kuufuta, kama unamuumiza. Akatoa simu kwenye kanga, akaandika, akanionyesha:

"Usifute. Wao wasikilize. Ila mimi nikiwepo, wazime."

Nikasema nitawaambia. Akarudisha simu kwenye kanga. Niliazima jembe kwa jirani, nikaingia mstari uliofuata, tukapalilia pamba hadi jua likawa kali kupita kiasi.

Kwenye kompyuta yangu bado lipo faili la kwanza, lile lenye sauti ya mwanaume. Ukilichezesha kwa kasi yake sahihi, ni yeye kabisa. Sijawapelekea watoto.