Rukhsa ya Mama

Nilipopeleka maombi ya leseni ya bastola, nilimwambia mama yangu: "Nimeomba rukhsa. Wakinipa nitakwambia."

Kwa Kiarabu cha hapa Maskati, rukhsa ni leseni: ya gari, ya duka, ya silaha. Kwa mama, aliyezaliwa Unguja na kuja huku msichana, rukhsa ni ruhusa ya kutoka kazini. Lugha hizo mbili zinakula sahani moja nyumbani kwetu, na mimi, mwenye tabia ya kupima kila kitu, neno hilo sikulipima. Kwa miezi minne mama aliamini nimeomba likizo ili nimpeleke Umra.

Nililigundua kosa siku niliporudi nyumbani Mawaleh na sanduku jeusi la plastiki. Mama alikuwa sebuleni akishona kofia.

"Wamekupa rukhsa?"

"Wamenipa, mama."

"Alhamdulillahi." Akalitazama sanduku. "Na ndo begi gani hilo? Hata buibui langu halienei. Twaenda Makka tukarudi leo leo?"

Nikakaa chini, nikamweleza. Akaichomeka sindano kwenye kitambaa na kuiweka kofia pembeni.

"Bastola. Ndani ya nyumba hii."

"Ya mchezo, mama. Ya kulengea karatasi."

"Karatasi imekukosea nini?"

Nilijua kinachosemwa si mzaha. Babu yangu alikuwa na bunduki ya kufukuzia kima shambani. Mwaka ambao familia ilihama Unguja, watu walikuja kuitafuta, wakaipindua nyumba nzima mbele ya watoto. Mama alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo hajalala nyumba moja na silaha. Hata bunduki za harusini hapa, zinazopigwa kwa furaha, huzisikiliza akiwa chumbani, mlango umefungwa.

"Rukhsa ya serikali unayo," alisema. "Yangu huna. Ikifika Alkhamisi, irudi ilikotoka."

Nilikuwa nimefanya mazoezi miaka miwili kwa bastola ya kuazima kwenye uwanja wa shabaha, mpini wake umelika kwa viganja vya watu wengine. Mambo mengi nimejifunza peke yangu, kwa vitabu na daftari: umeme wa nyumba, kujalidi vitabu, Kijerumani kidogo. Katika shabaha nilikuwa nimekwama mahali pamoja, na niliamini nikiwa na chombo changu nitajua kama kosa ni la chombo au ni langu. Sasa nilikuwa na siku tano za kulijua hilo.

Baada ya Alasiri nilikwenda chumbani nikafungua sanduku. Nikahakikisha bastola haina kitu ndani, kisha nikahakikisha tena. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka dukani, inakaribia sentimita thelathini. Niliipima kwa mizani ya jikoni tunayopimia tende: kilo moja na robo, pungufu kidogo. Mpini ni wa mti, umechongwa kufuata kiganja, na nilipoushika niliona kama fundi alikuja kunichukua kipimo nikiwa usingizini. Ilinukia mafuta ya cherehani. Jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniandaa nalo ni uzito wa mbele. Ukinyoosha mkono, mtutu unataka kwenda sakafuni, na unaitaka sakafu hiyo kila sekunde.

Nikaweka sarafu ya baisa hamsini juu ya mtutu, nikaulekeza kwenye ukuta mweupe, nikavuta triga taratibu. Ni zoezi la zamani, halina risasi. Sarafu ikibaki, mkono umetulia. Ilianguka. Niliandika kwenye daftari: mara kumi na moja, zote imeanguka. Basi kosa lilikuwa langu.

"Nini kinadondoka huko?" Mama alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Sarafu. Mkono unatikisika."

Nilidhani ataondoka. Akasimama.

"Fanya tena, nikuone."

Nikafanya. Ikaanguka.

"Unashindana nayo. Na pumzi umezibana kama mtu anazama. Mie nikitaka kutunga uzi natoa pumzi kwanza, kisha nangoja. Tundu linakuja lenyewe."

Nikatoa pumzi. Nikangoja zaidi kuliko nilivyozoea. Triga ikalia *tk*, na sarafu ikabaki pale pale.

"Ehe," alisema, kwa sauti ile anayonipa nikimletea ndizi nzuri kutoka sokoni. Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Haina risasi?"

"Haina. Risasi zinabaki uwanjani. Hazitaingia humu."

"Nionyeshe."

Nikaifungua. Akachungulia mahali pa risasi, akapapasa kwa kidole kidogo, kama anavyohakiki vitundu vya kofia.

"Bunduki ya baba ilikaa juu ya kabati, mtaa mzima ukijua. Hii itakaa wapi?"

"Kwenye kasha la chuma, kwa ufunguo."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Basi si wewe tena."

Alkhamisi ilipita, bastola haikurudi dukani. Ufunguo umo ndani ya kijaluba chake cha sindano. Kila Jumamosi nasimama mbele ya kiti chake na kusema, "Mama, rukhsa," naye hunisubirisha mpaka amalize mstari wa vitundu. Sarafu siku hizi inabaki mara saba katika kumi.

Jumapili ya kwanza baada ya Alkhamisi ile niliomba likizo kazini. Niliporudi nikamwambia, safari hii kwa neno la Kiarabu la likizo, lisilo na shaka.

"Nimeomba ijaza, mama. Siku kumi. Makka."

Akanitazama juu ya miwani.

"Na begi," alisema, "liwe begi."