Silaha ya Mama Urbano

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Sumbawanga kiliingia kila kitu. Mitumba ya Ulaya, betri, sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua, hata viatu vya mguu mmoja vilivyokuwa vikitafuta wenzao sokoni. Kila kitu ruksa, isipokuwa kikopo kimoja kidogo. Kikopo hicho kilikuwa cha jirani yangu Cornelia, ambaye sote tulimwita Mama Urbano.

Mama Urbano alikuwa mjane, Mfipa wa kwelikweli, muuza samaki. Kila wiki alitoka nyumbani alfajiri, baridi ikimuuma masikio, akashika njia ya mikaratusi kwenda kudandia lori la Kabwe, kule Ziwa Tanganyika, hela ya kununulia samaki wake, migebuka, ameifunga kiunoni. Asubuhi moja ya Juni vijana wawili wakamtokea hapo. Sura zao hakuziona, alisikia tu sauti moja ya kukwaruza ikisema, "Fungua khanga, mama." Wakachukua mtaji, wakampiga kibao, wakaondoka wakitembea. Hata kukimbia hawakukimbia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Jirani," aliniambia, "nisipopita njia ile sina kazi. Nikiipita, naogopa. Sasa niishije na mtoto?"

Mpangaji wake Andwele, kijana wa Mbeya aliyekuwa akileta mitumba kutoka Tunduma, akamletea dawa ya hofu hiyo: kikopo cha kuenea kiganjani, kimeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma. "Unaminya hapa, Mama, inatoka pilipili," akamwonyesha. "Mtu hafumbui macho mpaka wewe umeshafika Kabwe."

Mwingine angekitia mfukoni akanyamaza. Lakini Mama Urbano alikulia enzi za vibali. Baiskeli ya marehemu mumewe ilikuwa na kibati chake, gunia la mahindi lilisafiri kwa karatasi yenye muhuri, na yeye aliamini kitu kisicho na muhuri kina harufu ya wizi. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akakipeleka kikopo kituoni ili kikatiwe leseni.

Pale mapokezi, Sajenti Ipyana alikigeuzageuza.

"Mama, hii ni silaha."

"Ni pilipili, Afande."

"Ikiwa sokoni ni pilipili. Ikiwa humu ndani ni silaha. Kuinunua kunataka kibali, kuibeba kunataka kibali kingine, na wewe huna hata kimoja."

Kwenye benchi alikuwepo mzee Bundala, mfugaji wa Kisukuma, amekuja kwa shauri la ng'ombe wake. Alikuwa na mkuki mrefu kuliko mlango. Alikuwa ameambiwa auegemeze ukutani usije ukamchoma mtu, na akitoka asiusahau. Mama Urbano aliutazama mkuki, kisha akamtazama sajenti.

"Huo ni wa mila," sajenti akasema. Kikopo kikafungiwa kabatini, na mwenyewe akaambiwa aombe kibali kama watu wengine.

Akaomba. Utaratibu ulitaka mwombaji wa silaha asimame mbele ya mkutano wa mtaa, mwenye pingamizi aseme. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni wazi hawakuwahi kuhudhuria mkutano wetu. Mwenyekiti, mzee Adolfu, alikuwa mtu wa kupenda siri, hasa akipata watu wengi wa kumsikiliza. Akakohoa, akatangaza: "Mama Urbano anaomba kumiliki silaha. Kwa sababu za kiusalama, aina ya silaha haitatajwa."

Jamani! Angeitaja, tungecheka tukaenda kula ugali. Kwa kuwa hakuitaja, kufika jioni ilikuwa bastola. Kufika siku ya soko ilikuwa bunduki ya kukunja, na binamu wa mtu fulani alikuwa ameshaisikia ikilia. Mimi niliyejua ukweli, kila nilipoulizwa nilijibu, "Hayo ni mambo ya usalama." Sikusema uongo.

Mama Urbano akairudia njia ya mikaratusi. Mkono mmoja alikuwa ameuzamisha kwenye mfuko wa sweta, ameshika rozari. Vijana wawili wakasogea pembeni kumpisha.

"Shikamoo, Mama Urbano," ikasema ile sauti ya kukwaruza.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, wala mkono hakuutoa mfukoni.

Miezi ikapita, kamati ya ulinzi ikamwita. Tangu aombe silaha, ameguswa na mtu? Hajaguswa. Basi hatari iko wapi? Ombi likakataliwa pale pale, na mzee Adolfu akaahidi kuutangaza uamuzi kwenye mkutano ujao. Siku hiyo nilimwona jirani yangu akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe. "Wakitangaza, nimekwisha," alisema. Niliwakasirikia wanaume wale wa kamati mpaka nikashindwa kula.

Kesho yake akanawa uso, akaenda kukata rufaa. Alikuwa amesikia kwamba jambo lililo kwenye rufaa halizungumzwi hadharani, na ni kweli, halikuzungumzwa. Rufaa ikalala usingizi wa pono. Huku nyuma migebuka ikaja mjini kila wiki, Urbano akamaliza shule, nyumba ikaezekwa bati jipya, na salamu za kule kwenye mikaratusi zikazidi kuwa za heshima.

Halafu siku moja akaitwa kituoni, nikamsindikiza. Sajenti Ipyana, sasa ana mvi, alikuwa akitabasamu hadi magego. Kikopo kilikuwa mezani, kimeota kutu.

"Mama, umeshinda! Kibali kimetoka. Jumapili kitasomwa mbele ya mtaa mzima, pamoja na aina ya silaha. Sasa inaruhusiwa kutajwa."

Mama Urbano alikichukua kikopo, akakitikisa. Kilikuwa chepesi, pilipili yake ilikwisha kuvujia kabatini zamani. Akashika ukingo wa meza.

"Afande," akasema, "naomba mninyime."

"Nini tena, Mama?"

"Ninyimeni, lakini msitangaze. Au semeni bado mnalifikiria."

Sajenti alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akakirudisha kikopo kabatini taratibu na kugeuza ufunguo.

"Kulifikiria?" akasema. "Hilo tunaliweza."